Macho ya Chujio

Kila aliyefanya kazi naye alikuwa na namna yake ya kumwiga. Wauguzi walimwiga mwendo, maana alitembea kama mtu aliyebeba beseni lililojaa. Dereva alimwiga anavyokohoa kabla ya kusema hapana. Mimi nilimwiga sauti. Nilikuwa nikikaza midomo, nashika kikombe kwa vidole viwili, nasema, "Kwanza niambie, unavua nini?" na watu wakicheka mpaka chai inawapalia. Siku hizi siigi tena, na anayemwiga mbele yangu namwondokea.

Sote tulimwita Mama Vipimo. Jina lake la kwenye karatasi nililisoma mara moja tu, katika barua ya kumtoa maabara, na sitaliandika hapa. Alikuwa mtu wa maabara kwenye kituo cha afya upande wa Kibiti, nami nilikuwa afisa afya wa huko huko, kazi ambayo watu wetu bado wanaiita Bwana Afya. Kwa miaka kumi na moja tulipanda boti moja kwenda delta, kupima maji ya visima na mikojo ya watoto wa shule. Alikuwa mfupi, mnene, ushungi wake mweusi ameubana kwa pini mbili, na salamu zake zilikuwa ndefu kuliko mazungumzo yake. Angeweza kukuulizia mpaka mbuzi wa shangazi yako, halafu ukimwomba jambo akakujibu kwa neno moja.

Neno alilolipenda ni macho. Vitabu vya kazi yetu vina maneno mengine ya vile vitundu vya chujio, lakini yeye hakuyataka. Alisema watu wa delta wanajua nyavu, na wavu una macho, basi na chujio lina macho. Siku moja kule Salale alimwonyesha mvuvi kikaratasi chake cheupe, mduara mdogo usiozidi mdomo wa kikombe cha kahawa. Yule mvuvi akakigeuza geuza akakitazama juani.

"Mbona halina tundu hata moja, Mama?"

"Lina macho mengi kuliko nyavu zako zote na za baba yako. Weye ukitaka uduvi unatega nyavu ya jicho gani?"

"Dogo kabisa."

"Na ukitaka kambale mkubwa?"

"Jicho kubwa, wadogo wapite zao."

"Basi na mie ni hivyo hivyo. Sishiki chujio mpaka nijue navua nini."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake lote, na alilirudia mpaka tukalichoka. Alikuwa na makopo ya maziwa ya unga yaliyokwisha, kila kopo na machujio yake, kwa sababu maboksi ya dukani yalilowa botini na kuota ukungu. Kopo moja lilikuwa la kichocho. Yai la mdudu wa kichocho ni kubwa ukililinganisha na vijidudu vingine, kwa hiyo chujio lake lina macho ya mikroni kumi na mbili, na mikroni elfu moja ndizo zinafanya milimita moja. Mkojo unapita, yai linabaki. Kopo la pili lilikuwa la maji ya kunywa. Hapo alikuwa anavua bakteria, na bakteria ni mwembamba mno, anahitaji macho ya sifuri nukta nne tano, yaani hata nusu ya mikroni hayafiki. Kopo la tatu lilikuwa la kusafishia dawa za maji maji, macho yake ni sifuri nukta mbili mbili, hapiti bakteria yeyote wa kawaida.

Swali lake la pili lilikuwa hili: "Unataka samaki au unataka maji?" Maana kuna anayechuja ili abaki na kilichopita, kama sisi na zile dawa. Na kuna anayechuja ili abaki na kilichonasa, akiweke kwenye sahani, akilishe, akitie kwenye sanduku la joto mpaka kesho yake, kisha ahesabu vidoa vya njano vilivyoota. Kila kidoa ni bakteria mmoja aliyekuwa kwenye maji. Alisema watu wengi hawajui wanataka kipi kati ya hivyo viwili.

Alimwaibisha daktari mgeni mmoja kwa swali hilo. Daktari huyo alikuwa na haraka na dharau kidogo, akachukua chujio la kopo la pili akalifunga kwenye bomba la sindano lenye mkojo wa mtoto wa shule, mkojo mzito wenye damu. Akasukuma. Haukupita. Akasukuma kwa mikono miwili, kile kifungio kikafyatuka, na shati lake jeupe likapata lilichopata. Mama Vipimo alimpa kitambaa. "Daktari," alimwambia kwa adabu zote, "umetega nyavu ya uduvi kwenye mto wenye magogo." Tulicheka wiki nzima, na yule daktari aliomba uhamisho baada ya miezi michache, ingawa sidhani kama ni kwa sababu hiyo.

Alikuwa na kasoro moja ya usemi, na naisema mapema kwa sababu ndiyo iliyotufikisha tulikofika. Aliona uvivu kusema sifuri nukta kila mara. Akasema tu "nipe arobaini na tano", "lete ishirini na mbili". Kwake ilikuwa wazi, alijua ipi ina sifuri na ipi haina. Sisi wengine tulimfuata. Kwenye kituo chetu hakuna aliyewahi kusema namba hizo kwa ukamilifu wake, na mimi niliyesomea cheti changu nikafaulu, nilizoea kuamini kwamba ishirini na mbili ni ndogo kuliko arobaini na tano kwa sababu ishirini na mbili ni ndogo kuliko arobaini na tano.

Alinawa mikono mara tatu kwa sabuni kabla ya kugusa kibano chake, kisha akimaliza kazi alichomoa ugoro kwenye kipande cha khanga kilichochakaa hadi hakijulikani rangi, akaubwia. Hakunywa maji ya nyumba ya mtu. Alitembea na chupa yake, maji aliyoyachemsha mwenyewe, na wenyeji waliona ni kiburi. Aliogopa mto kuliko mtu yeyote niliyemjua. Hakujua kuogelea, na boti ikiingia kwenye mikono ya mto katikati ya mikoko, alilishika jaketi la kuokolea kwa mikono miwili akasoma dua mpaka tunafika. Lakini hakukosa safari hata moja. Mimi niliyezaliwa na maji ya mto mlangoni ndiye niliyekuwa natafuta visingizio.

Alikuwa mkali kwa maneno madogo. Neno "safi" alilichukia. Mkuu wetu alipenda taarifa zinazosema maji ni safi, na Mama Vipimo akalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu akaandika "salama" au "si salama". Aliwahi kulibishania hata msikitini. Imamu wa kijiji kimoja aliuliza inakuwaje birika lile lile linafaa kwa udhu halafu aambiwe halifai kunywa. "Shekhe wangu," akamjibu, "weye utuambie kama ni tohara, mie nitawaambia kama ni salama. Kila mtu na kazi yake." Imamu alicheka akasema huyo mama angekuwa mwanamume angempokonya uimamu.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema ni kwamba alikuwa anapofuka. Aliyefundisha habari za macho alikuwa anaficha yake. Niligundua kwa sababu ya mtoto.

Katika kijiji kimoja cha upande wa Salale tulikuwa tunafikia kwa Bi Tatu, mjane aliyekuwa na kisima cha jumuiya ubavuni mwa ua wake. Hiyo ndiyo nyumba pekee ambayo Mama Vipimo alikunywa chai yake, maana Bi Tatu alichemsha maji mbele yake mpaka yakapiga kelele. Bi Tatu alimlea mjukuu wake, Zuhura, mtoto wa miaka minne au mitano, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Zuhura alijifunza kuhesabu kwenye sahani zetu. Mama Vipimo alimpakata, akashika sahani kwenye mwanga, na mtoto akahesabu vidoa vya njano, moja, mbili, tatu, mpaka anachanganyikiwa baada ya kumi na tisa. Watu wote waliona ni mchezo mzuri. Mimi nilikaa karibu nao, nikaona kwamba Mama Vipimo anaandika namba ya mtoto bila kuhesabu mwenyewe kwanza. Baadaye, wengine wakiwa wameondoka, alichukua lenzi yake akarudia, sahani akiisogeza mpaka karibu na pua.

Sikumwambia mtu. Nilijidanganya kwamba namhifadhia heshima. Ukweli ni kwamba mtu asiyeona vizuri alinifaa, hakuwa ananikosoa taarifa zangu kama zamani.

Mwaka ule mto ulipanda. Waliokuwa delta wanajua nasema mwaka gani, na wasiojua hawahitaji. Mashamba ya mpunga yalizama, vyoo vilizama, visima vikafunikwa, na maji yalipotoka yaliacha tope la kijivu ndani ya kila kitu. Kijiji cha kina Bi Tatu kilikuwa kinafuata maji ya kunywa kwa mtumbwi, safari ya nusu siku kwenda na kurudi, na wasio na mtumbwi waliomba. Kisima kilikuwa kimesafishwa na kutiwa dawa. Kilichobaki ni sisi kwenda kupima na kusema: kunyweni, au msinywe.

Niliagizwa kuchukua machujio stoo. "Arobaini na tano," alisema. "Usiniletee mengine." Mtunza stoo, mtu mpole mwenye mafua ya kudumu, alitazama rafu zake. "Arobaini na tano zimekwisha, Bwana Afya. Zipo hizi nane. Nazo ni za maji."

Nilisoma boksi. Sifuri nukta nane. Nikafikiri kama nilivyozoea kufikiri. Nane ni ndogo kuliko arobaini na tano, ni ndogo hata kuliko ishirini na mbili. Basi macho haya ni madogo kuliko yote, na kama dogo linakamata, dogo zaidi litakamata zaidi. Nilijiona nimepata bahati. Mtoto wa darasa la tano aliyesikiliza mwalimu wake angeweza kunisahihisha: sifuri nukta nane ni karibu mara mbili ya sifuri nukta nne tano. Niliweka saini nikachukua.

Pale bandarini Nyamisati, asubuhi, tukisubiri boti, niliyahamishia kwenye kopo lake kama alivyotufundisha, na boksi nikalitupa. Kila chujio lilikuwa na karatasi yake ya kulifunga, na kwenye karatasi kulikuwa na namba iliyoandikwa kwa herufi ndogo kama mchanga. Desturi yake ilikuwa kusoma namba hiyo kwa sauti kabla ya kuifungua karatasi.

Tulifika maji yakiwa yameanza kupwa. Yakipwa kabisa, mkono ule wa mto unabaki tope, boti inakaa, na tulikuwa na vijiji vingine viwili vya kupitia siku hiyo kabla ya kurudi kulala kwa Bi Tatu. Watu walikuwa wamejipanga kuzunguka kisima, ndoo mikononi, wanatutazama. Mama Vipimo alitoa karatasi ya kwanza kwenye kopo, akaigeuza upande wa jua, akaisogeza, akaiondoa mbali. Nilijua haoni. Akaniuliza:

"Ni arobaini na tano?"

Ningeweza kusema, hapana Mama, zile zimekwisha, nimeleta nane. Ni maneno machache. Angepiga kelele, angekataa kupima, angetugeuza turudi, na wale watu wangerudi kwenye mitumbwi yao wakinung'unika. Niliogopa somo mbele ya watu. Na niliamini nina kitu bora kuliko alichotaka.

"Ndizo, Mama."

Akafungua. Akaweka chujio kwa kibano, akamimina maji ya kisima, nikavuta bomba la kunyonyea. Hapa inabidi nieleze jambo. Maji ya delta yana tope, na lile chujio lake la kawaida huziba upesi. Ilikuwa kazi ya kumimina kidogo, kusubiri, kumimina kidogo tena. Kuna waliomshauri ayapitishe kwanza kwenye chujio la macho makubwa ili kuondoa tope. Alikataa miaka yote. "Ukilitoa tope umewatoa na waliolipanda," alisema. Kwa hiyo kila safari tulisubiri.

Siku hiyo hatukusubiri. Maji yalishuka mara moja.

"Leo yamepita haraka," alisema. Alisita, kibano mkononi. Nahodha wa boti alikuwa anatupigia mluzi.

"Kisima kimesafishwa, Mama," nikamwambia. "Tope limepungua."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

Kesho yake asubuhi alimpakata Zuhura kama kawaida, akashika sahani kwenye mwanga. Mtoto alitazama upande huu na upande huu. Akanuna.

"Leo hamna vidoa."

"Hata kimoja?"

"Hamna."

Mama Vipimo akachukua lenzi, akazichunguza sahani za kisima kile moja moja, akakuta doa moja lililopauka ambalo halikuwa la kundi la bakteria tunalolitafuta. Nilimwona anacheka, naye hakuwa mtu wa kucheka. Alimbusu mtoto utosini. "Leo hamna, mwanangu. Leo mtakunywa." Bi Tatu alipiga vigelegele, na ndoo ya kwanza ikateremka kisimani tukiwa bado hatujafunga mizigo.

Kuhara kulianza kabla mwezi haujaisha. Habari zilipotufikia walikuwa wamekwishafariki wawili, mzee mmoja mtengeneza mitumbwi, na Zuhura. Mtoto alianza kuumwa alfajiri, na adhuhuri alikuwa amekwisha, wakiwa njiani kumleta kituoni, boti imekwama kwenye tope ikisubiri maji yajae.

Mama Vipimo aliomba usafiri siku hiyo hiyo. Sikuitwa, lakini nilikwenda. Safari nzima hakusoma dua. Alikuwa ameazima kwa watu wa wilaya machujio machache ya sifuri nukta nne tano, na alichukua pia lile kopo letu kama lilivyobaki. Alichota maji ya kisima kile, nusu akayapitisha kwenye machujio ya kuazima, nusu kwenye ya kopo. Kesho yake sahani za kwanza zilijaa vidoa mpaka vimeshikana. Za pili zilikuwa karibu tupu. Wale aliokuwa anawavua walipita kwenye macho yangu na kwenda zao. Alizipanga sahani kwenye mkeka, akaketi mbele yake. Bi Tatu alikuwa ndani na wanawake, hakutoka kutusalimia.

Kama ni kisima ndicho kilichowaua, au mtumbwi uliendelea kuleta maji machafu, au mikono, au samaki, hakuna anayejua kwa hakika. Nimejitetea kwa sentensi hiyo mara nyingi. Haijawahi kunisaidia kulala.

Kikao kilifanyika Kibiti, ofisini, meza ndefu na chupa za maji ya dukani. Taarifa yake ilikuwa ukurasa mmoja. Aliandika kwamba mpimaji alitumia chujio lenye macho makubwa kuliko inavyotakiwa, na kwamba mpimaji ni yeye. Mmoja wa wakubwa aliuliza ni nani aliyeyachukua hayo machujio stoo. Mama Vipimo aligeuza uso upande wangu. Alikuwa haoni vizuri kutoka pale alipokaa, lakini alijua kiti changu. Alisubiri. Alinipa muda wa kutosha kabisa, muda wa mtu kukohoa, kunywa maji, kurekebisha kiti na kusema. Nilitazama karatasi iliyokuwa mbele yangu.

"Kuchagua chujio ni kazi ya mpimaji," akasema hatimaye, na kikao kikaendelea.

Walimtoa maabara, wakampeleka masjala kupanga mafaili asiyoweza kuyasoma. Mwaka haukuisha akaomba kustaafu kabla ya wakati, akarudi kwao Mohoro. Mimi nilipandishwa cheo. Nilifurahi, na hilo nalo nalisema.

Imepita miaka sita. Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwa Bi Tatu, na mtu mpya wa maabara, binti mwenye vifaa vizuri kuliko tulivyokuwa navyo. Bi Tatu alisimama kwenye mdomo wa kisima akatuzuia. Amezeeka, amekuwa mdogo. Mimi alinisalimia vizuri, akaniuliza hali ya watoto wangu. Halafu akasema, "Wewe baba sina neno na wewe. Lakini watu wa vipimo hapa, hapana. Yule Mama Vipimo wenu alikunywa chai yangu, akampakata mtoto wangu, akamuua. Simsamehe mpaka kiama." Watoto waliokuwa karibu walilisikia jina la Mama Vipimo wakakimbia, wanatishiana nalo, kumbe huko limekuwa jina la kuogofyea watoto wasiolala. Yule binti akanitazama, nami nikamwambia tutafute kisima kingine.

Wiki iliyofuata nilipanda basi la kusini. Tulipovuka daraja la Ndundu niliutazama mto chini, mpana, umetulia, rangi ya chai ya maziwa, nikawa natunga maneno ya kumwambia. Niliyasahau yote kabla ya kufika Mohoro.

Nilimkuta amekaa barazani kwa mpwa wake anachambua mchele kwa vidole. Mtoto wa jicho amemchukua macho yote mawili. Moja walilifanyia upasuaji, likakataa. Ushungi ni ule ule mweusi, pini mbili. Chupa yake ya maji ilikuwa ubavuni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Bwana Afya." Hakuhitaji kuuliza. Akaniulizia mke wangu, watoto wangu mmoja mmoja kwa majina, dereva wetu, mtunza stoo na mafua yake. Nilijibu yote. Mchele uliendelea kupita vidoleni mwake, na vijiwe vikawa vinaangukia kwenye kisahani.

"Mama, nimekuja kwa jambo."

"Unavua nini?"

Nilidhani anatania. Uso wake haukuwa wa utani.

"Nimekuja kukwambia yale machujio..."

"Nakuuliza, unavua nini? Unataka samaki au unataka maji?"

"Sielewi, Mama."

Akaacha mchele. "Kama unataka maji, yaani roho yako ipite iwe nyeupe, imekwishapita. Mie nilikusamehe pale pale kikaoni, nilipoona hutasema. Nilikuonea huruma. Kunywa chai urudi zako Kibiti. Lakini kama unataka kilichonasa kionekane, hapa umepotea njia. Mie sikuzika mtoto."

Nililia. Mtu mzima mwenye mvi, barazani kwa watu, mchana. Mpwa wake alitoka na kikombe, akarudi nacho ndani.

Nikamweleza alivyosema Bi Tatu, na wale watoto walivyokimbia. Alisikiliza bila kujitikisa. Nikaona mkono wake unatafuta kile kipande cha khanga chenye ugoro, ukakipata, ukakishika tu.

"Nikienda nikamwambia, ataliondoa jina lako mdomoni," nikasema.

"Si lote, sehemu yake ataibakiza. Mie maji yalipita haraka, nikayaona kwa haya haya macho mabovu, nikasikia mluzi wa boti nikanyamaza. Na macho nilikuwa nayaficha. Na sifuri zile ni mie niliyewazoesha kuzikata. Hayo ni yangu, sikupi. Weye peleka lako." Kisha akauliza, "Namba uliyoleta ilikuwa ngapi?"

"Nane, Mama."

"Sema yote."

"Sifuri nukta nane."

"Na niliyoitaka?"

"Sifuri nukta nne tano."

"Na kubwa ni ipi?"

"Nane. Sifuri nukta nane ndiyo kubwa."

"Na nilipokuuliza, ulinijibu nini?"

"Ndizo."

Akarudisha mkono kwenye mchele. "Basi ukifika kwa Bi Tatu useme hivyo hivyo, taratibu, na sifuri zake. Yeye anajua nyavu, ataelewa."

Nilimuaga, hakunishikilia. Jioni ile nilimpigia simu nahodha wa Nyamisati nikamuuliza maji ya kesho. Akaniambia yanajaa saa nne asubuhi, niwahi.